Uji wa Wachumaji

Gisiri alikisukuma kikombe kwa ncha ya kidole, kama mtu anayemfukuza jongoo, akasema uji wa mgonjwa yeye hanywi.

"Una maziwa huo," mkewe Phelesia akamwambia. "Nimeuchuja mara mbili."

"Ndiyo maana siutaki. Anayechujiwa uji ni mtoto wa kunyonya."

Phelesia aligeuza shingo kuona kama kuna aliyesikia. Walikuwa mbele ya bani, ile nyumba ya udongo isiyo na dirisha ambamo majani ya tumbaku hutundikwa juu na moto kupitishwa chini, siku sita mfululizo, mpaka yakauke na kugeuka rangi ya asali. Ilikuwa mwishoni mwa Juni mwaka 1996, na Ntimaru nzima ilinuka tumbaku, hata nguo za kanisani. Wachumaji sita walikuwa wamekaa kwenye magogo wakingoja sufuria kubwa, viganja vyao vyeusi kwa utomvu. Walikuwa wameambiwa kwamba mzee anaumwa mgongo. Hakuna aliyeambiwa zaidi.

"Mgongo huo ni wa heshima sana," alisema Mirumbe, jirani yao aliyechuma nao, ambaye ulimi wake haukuwahi kulala njaa. "Mzee amekuwa bwana shamba. Kazi yake ni kuonyesha kidole tu."

Wakacheka, na Gisiri akacheka nao, na kumbe moyoni alikuwa anakatika vipande. Akainama kuchukua gogo alitie motoni. Phelesia alikohoa mara moja, kwa nguvu. Gisiri akaliacha gogo, akajinyoosha polepole, akajifanya alikuwa anatazama tu kama limekauka. Mwanamume wa miaka sitini na mmoja, aliyejenga bani hilo kwa mikono yake, alikuwa amekatazwa kunyanyua kitu kizito kuliko kofia yake.

Aliyemkataza ni Daktari Okemwa, mpasuaji aliyekuja kutoka Nairobi mara moja kila miezi mitatu, akakaa wiki moja katika hospitali ya misheni kule Homa Bay, kisha akarudi alikotoka. Gisiri alipelekwa huko kwa ajili ya kidole cha mguu kilichogeuka cheusi, akaambiwa ugonjwa hauko mguuni. Uko tumboni. Ule mshipa mkubwa unaoshusha damu kutoka moyoni umetuna, kama tyubu ya baiskeli inayochungulia kwenye tairi lililochanika. Humo ndani ya uvimbe damu huzunguka ikaganda. Kipande kikimeguka kikateremka, ndicho kinachoua vidole. Kwa hiyo alipewa aspirini, kidonge kidogo kila asubuhi, damu isigandegande. Na Jumatano ya pili ya Julai angepasuliwa, mshipa ushonwe kabla haujapasuka wenyewe.

"Sasa sikiliza, mama," daktari alikuwa amemwambia Phelesia, kwa sababu madaktari wenye akili huongea na mke. "Aspirini inamlinda mguu. Lakini siku ya kisu nataka damu igande, la sivyo atamwagika mezani. Zile chembe za kugandisha damu, kidonge kimoja kikizishika, basi, haziponi tena. Lazima zife, mwili utengeneze zingine. Siku kumi. Hizo siku kumi kabla ya kisu, aspirini asiione kwa macho."

Phelesia aliyashika maneno hayo kama kiapo. Siku ya kumi na moja kabla ya kisu aliikunja bahasha ya kaki yenye vidonge, akaifunga kwenye pindo la kitenge chake, akatembea nayo, akala nayo, akalala nayo. Alijiona amekuwa askari, na kusema kweli alijivunia kidogo.

Lakini huo uji ulimshinda. Alimtazama mumewe pale kwenye kigoda, mbali na wenzake, na kikombe chake cha pekee chenye maziwa, na wachumaji wakikikodolea macho kikombe hicho. Akamhurumia. Akakichukua, akaumwaga uji wa maziwa kwenye bakuli la paka.

"Haya. Utakunywa na watu."

Kisha akageukia sufuria kubwa, akafanya alichofanya kila asubuhi ya msimu tangu alipoolewa, na alichokifanya mama mkwe wake kabla yake. Majani ya tumbaku yakiwa na umande hulevya. Anayeyachuma hupasuka kichwa, hutapika, hulala chini ya mti mpaka saa sita. Dawa yake ilijulikana na kila mwanamke wa Ntimaru mwenye bani: alirarua pakiti nane za unga wa kichwa, zile za karatasi zinazouzwa katika kila duka karibu na sabuni, akazikung'utia ndani ya sufuria, akakoroga. Hakuna aliyeziita dawa. Zilikaa jikoni, kando ya chumvi.

Akamchotea Gisiri kikombe kilichojaa. Gisiri akakipokea kwa mikono miwili, akasogeza kigoda chake karibu na magogo ya wenzake, na uso wake ukarudi kuwa uso wa mwenye boma.

*

Siku hizo kumi zilikuwa ndefu, na kila asubuhi Gisiri alikunywa uji na wachumaji. Kidole cheusi kilimchoma Gisiri, akakidai kidonge chake.

"Kiwake," Phelesia alimjibu.

"Mwanamke, kidole kinawaka moto."

"Nimekusikia, Baba Bonface. Kiwake. Daktari amesema kidonge usikione kwa macho, na mimi nimekificha."

Alimwacha hapo, akaenda nyuma ya ghala kulia, kwa sababu hakuna raha katika kumnyima mtu mzima kitu anachokililia. Alipomaliza alijifuta kwa pindo lile lile lenye fundo, akarudi kupanga majani.

Alikuwa ameujua ule uvimbe kwa mkono wake. Nesi wa Homa Bay alikiweka kiganja cha Phelesia juu ya kitovu cha mumewe, naye akasikia kitu kikiruka humo, dupu, dupu, kama chura ndani ya mfuko. Tangu hapo hakuweza kumtazama Gisiri akipiga chafya bila kushika kitu. Akikohoa, alishtuka. Akiinuka ghafla, alishtuka. Alitamani hiyo Jumatano ifike, na aliogopa ifike.

Jumatatu waliondoka alfajiri. Wachumaji walikuwa wameshafika, na Gisiri, ili asionekane mtu anayekwenda kuaga dunia, alikunywa uji pamoja nao akiwa amesimama, vikombe viwili, akaramba mdomo. Aliwaambia anakwenda Homa Bay kusuguliwa mgongo. Helen, mke wa Mirumbe, akaachiwa sufuria.

*

Kwenye ukuta wa wodi kulikuwa na ubao, na kwenye ubao, kwa chaki nyeupe, kuliandikwa: JUMATANO, GISIRI, MSHIPA WA TUMBO. Kila aliyepita alisoma. Bonface, mtoto wao mkubwa aliyefanya kazi ya uselemala Migori mjini, alikuja na binamu yake Jared, wakatolewa damu mfuko mmoja mmoja, wakanunuliwa soda, wakaketi nje kwenye nyasi wakiwa wameshika mikono yao kama watu waliotoka vitani.

Jumanne asubuhi nesi Dolphine alikuja na beseni na wembe. Alikuwa Mluo wa pale pale Homa Bay, umri wa binti yao wa pili, mcheshi.

"Mzee, fungua hii shuka. Nataka kunyoa tumbo yote mpaka huku chini."

Gisiri alimtazama mkewe, akatazama dari. Katika maisha yake yote hakuna mtoto wa kike aliyewahi kumwona chini ya kitovu. Akafumba macho, akaishika shuka kwa vidole viwili, kidogo tu, kama kumbukumbu ya heshima.

"Usiogope, baba. Mimi nimenyoa hata machifu," alisema Dolphine.

Wembe ulipita ukarudi, ukafika karibu na mfupa wa nyonga, ukakwaruza. Lilikuwa jeraha la kitu gani? Mwiba wa mchongoma hufanya zaidi. Dolphine akaweka pamba, akaendelea na kazi. Alipomaliza akaiinua, damu ikachuruzika. Akaweka nyingine. Akangoja, akainua; damu.

"Hii damu inakataa kusimama." Ucheshi ulikuwa umemtoka. "Mzee, ulimeza aspirini?"

"Leo ni siku ya kumi na moja sijaiona."

"Mama, ni ukweli?"

"Ni kweli, sista." Phelesia alimwonyesha fundo. "Nilizifunga hapa. Hata akilia simpi."

Dolphine aliliangalia fundo, akatikisa kichwa kwa mshangao na sifa. "Haya. Lakini lazima niambie daktari saa nane akikuja round." Akafunga pamba kwa plasta, akaondoka na beseni lake.

*

Kichwa kilikuwa kinamgonga Phelesia tangu jana. Alitoka kwenda kwenye bomba la maji nyuma ya wodi, mahali wanawake walipofulia nguo za wagonjwa wao, akalifungua fundo. Humo alikuwa na bahasha ya kaki, nauli ya kurudi, na pakiti tatu za unga wa kichwa alizozibeba kwa ajili ya safari. Akairarua moja, akajimiminia unga mdomoni, akakinga maji kwa kiganja.

Ndipo macho yake yakaangukia herufi.

Phelesia alisoma mpaka darasa la tano. Hakuwa msomaji wa kukimbia, lakini herufi alizijua moja moja. Kwenye bahasha ya kaki nesi alikuwa ameandika kwa kalamu, herufi kubwa: ASPIRIN. Alikuwa ameitazama bahasha hiyo siku kumi na moja, akaijua kama sura ya mtoto. Na nyuma ya pakiti, pale chini ambapo hakuna mtu husoma, katika mstari mwembamba wa maandishi madogo, sura ile ile ilikuwa inamtazama. Aliziweka karatasi mbili sambamba juu ya jiwe la kufulia. A na A. S na S. P na P. Alitembeza kidole mpaka mwisho, akitumaini herufi moja tu itakataa. Hazikukataa.

Alikaa chini kwenye simenti yenye maji.

Pakiti nane kila asubuhi. Asubuhi kumi. Akakumbuka mikono ya wachumaji, jinsi ambavyo msimu wa tumbaku mikwaruzo haikauki, mtu hukatwa na jani leo na kesho bado anafunga kitambaa. Walisema ni utomvu. Akakumbuka vikombe viwili vya jana alfajiri na jinsi Gisiri alivyoramba mdomo. Alimnyima kidonge kidogo kama jicho la kuku, kisha akampa kile kile kwa kata, mkono wake mwenyewe ukikoroga. Alihisi aibu ikimpanda kutoka miguuni kama maji baridi.

Aibu hata haikuwa jambo lenyewe. Jambo lenyewe lilikuwa hili: akisema, kesho hapasuliwi mtu, na daktari anaondoka Jumamosi, na mshipa huo utabebwa tena mpaka Oktoba, ukiruka humo ndani. Akinyamaza, watamfungua kesho asubuhi, na damu ambayo pamba imeshindwa kuizuia kwenye mkwaruzo wa wembe itatakiwa izuiwe kwenye mshipa mnene kama mpini wa jembe. Njia zote mbili alizitazama, na mwisho wa kila moja alimwona Gisiri kaburini.

*

Alimwambia mumewe kwanza. Alimwambia kwa Kikuria, kwa sauti ya chini, amepiga magoti kando ya kitanda kama anayetafuta kiatu.

Gisiri alitazama vitanda vya jirani. Kisha akasema, "Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi iishie hapo."

"Baba Bonface, utamwagika."

"Nitamwagika. Na nisipopasuliwa?" Aligeuza uso wake kwake, na Phelesia akaona kwamba hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu. "Nirudi tena bani nikae kwenye kigoda? Mirumbe aninyanyulie kuni? Nikohoe wewe ushike ukuta? Mimi nimebebwa kama yai miezi mitatu. Nimenyolewa na mtoto. Jina langu liko ubaoni, watoto wamemwaga damu yao. Wakinipasua nikafa, nimekufa nikitafuta uzima. Nikirudi, nitapasukia chooni siku moja, nimechuchumaa. Hicho ndicho unachonitakia?"

"Sikutakii chochote isipokuwa kesho uamke."

"Basi funga mdomo wako jinsi ulivyofunga vile vidonge." Akageukia ukuta. Akaongeza, bila kumtazama, "Kikulacho ki nguoni mwako. Wazee hawakukosea."

Neno hilo lilimwingia. Phelesia alibaki amepiga magoti, fundo la kitenge likimkwaruza paja.

*

Daktari Okemwa alikuja saa nane, mtu mfupi mwenye miwani, Dolphine nyuma yake na faili. Aliipapasa ile pamba, akaiinua, akairudisha.

"Mzee, aspirini uliacha lini?"

"Siku ya kumi na moja leo, daktari."

Ulikuwa ukweli mtupu, na hapo ndipo ubaya wake ulipokuwa. Daktari akageuza miwani kwa Phelesia. "Mama?"

Phelesia alimtazama Gisiri. Gisiri alimtazama yeye. Miaka thelathini na minne walikuwa wameishi pamoja, na hakuwahi kumwona akimwomba kitu kwa macho. Alikuwa mtu wa kuagiza. Sasa alikuwa anaomba.

"Ni mimi," Phelesia akasema.

"Ni wewe nini?"

Alizitoa karatasi mbili, akaziweka juu ya shuka. Akaeleza habari za bani, umande, sufuria, pakiti nane. Alieleza vibaya, akirudi nyuma na kuruka mbele, Kiswahili kikimkimbia, na wagonjwa wa vitanda vya jirani wakaacha kuzungumza ili wasikie vizuri. Dolphine akaiokota pakiti, akasoma nyuma, midomo ikitembea. "Hii watu wote hapa wanakunywa," alisema taratibu. "Hata mimi iko kwa mkoba."

"Mke wangu anaogopa kisu," alisema Gisiri kwa sauti ya mwenye boma. "Wanawake ndivyo walivyo. Sikunywa uji wa wachumaji hata siku moja. Nilikuwa napewa uji wangu wa maziwa. Muulizeni kama hakuupika."

"Ulimpikia uji wa maziwa, mama?"

"Niliupika."

"Umeona," Gisiri akasema.

Daktari aliwatazama wote wawili kama mtu aliyeletewa kesi ya mpaka wa shamba. Hakumgombeza yeyote. "Dolphine, leta mashine ya presha na ile karatasi ya kunyonya. Tuiulize damu yenyewe."

Wakamfunga Gisiri ukanda wa presha juu ya kiwiko, wakaukaza kidogo, wakamtoboa kwenye mkono tundu dogo, dogo sana. Tone likatoka. Daktari aliinua saa yake, na kila nusu dakika Dolphine akaligusisha tone kwenye karatasi, bila kukigusa kidonda. Nukta nyekundu. Nukta nyekundu. Zikajipanga kwenye ukingo wa karatasi kama shanga.

"Ya mtu wa kawaida inakauka dakika tano," daktari alisema. "Saba, tukimhurumia."

Gisiri aliutazama mkono wake kama mtu anavyomtazama ng'ombe aliyekataa kuingia zizini. Phelesia aliona misuli ya taya ikimsimama. Alikuwa anausukuma mkono huo kwa roho yake, igande, igande. Naye Phelesia, Mungu amsamehe, alijikuta akiomba hivyo hivyo. Alitamani aonekane mwongo mbele ya wodi nzima. Dakika ya tano nukta ilikuwa nyekundu. Ya saba ilikuwa nyekundu. Ya kumi, Dolphine alianza safu ya pili. Ya kumi na mbili, daktari akaishusha saa.

"Funga," akasema.

"Nipasue hivyo hivyo," alisema Gisiri. Sauti ya boma ilikuwa imekwisha. "Daktari, mimi nimekubali. Nitatia kidole gumba kwenye karatasi, hakuna atakayekudai."

"Mzee, nina mifuko miwili ya damu. Kwa mshipa ule, na damu yako ilivyo leo, mifuko miwili ni ya kunawia mikono tu."

"Basi Ijumaa. Bado uko Ijumaa."

"Jana alfajiri ulikunywa. Ijumaa ni siku nne. Ingekuwa jipu, ningejaribu. Huu siwezi." Alivua miwani, akaifuta kwa koti. "Nitakuandikia barua ya Nairobi ukitaka, lakini foleni yao najua, itapita Oktoba. Mimi nitarudi Oktoba, wiki ya kwanza. Utarudi kwa kile kidonge kidogo, kimoja kwa siku, kulinda mguu. Ule unga, marufuku kabisa. Siku kumi kabla nikuone, unaacha hata kidonge."

"Na mshipa utangoja Oktoba?" aliuliza Phelesia.

Daktari angeweza kumdanganya, na pengine ingekuwa huruma. "Sijui, mama," akasema. "Usiponyanyua mizigo, pengine."

Bonface alipoingia na kuambiwa, aliuliza kuhusu damu yake. Dolphine akamweleza kwamba damu haiwekwi mpaka Oktoba; kuna mama aliyejifungua wodi ya pili, itamfaa. Bonface akaitikia kwa kichwa, akashusha mkono wa shati. Kisha Dolphine akachukua kitambaa, akalifuta jina ubaoni. Halikufutika lote. Waliondoka likiwa bado linasomeka.

*

Njia nzima Gisiri hakumsemesha mkewe. Hakumtukana, wala hakumlaumu mbele ya mtoto. Aliongea na Bonface mpaka Migori, na walipoachana naye aliongea na wapita njia. Nyumbani alimwomba maji kupitia kwa Helen.

Alhamisi alfajiri Phelesia aliirudisha sufuria yake kutoka kwa Helen. Alikoroga uji, akaweka sukari, akaweka ndimu kidogo. Pakiti nane zilikuwa kando ya chumvi. Alizichukua, akazitia motoni, zikawaka kwa mwali wa buluu. Halafu, kwa mazoea ya kijinga, au kwa matumaini, ambayo wakati mwingine ni ndugu, alibandika sufuria nyingine ndogo kwenye jiwe la pembeni.

Wachumaji walikunywa funda la kwanza, wakatazamana.

"Mama, leo umesahau," alisema Sammy, mchumaji mrefu aliyekuwa na kitambaa kwenye kidole.

"Sikusahau."

"Umande wa leo ni kama mvua. Utatuua na kichwa."

"Labda wamekuwa matajiri huko Homa Bay," alisema Mirumbe, "wamejifunza ubahili. Enhe, mgongo umesuguliwa?"

Phelesia alishika kata. Kueleza kwa nini uji ni mtupu kulikuwa kueleza yote: tumbo, mshipa, ubao, wembe. Hiyo ilikuwa siri ya Gisiri, na tayari alikuwa amemvua nguo mbele ya watu mara moja wiki hii. Kutoeleza kulikuwa kuwaacha wachumaji sita waondoke kwenda bani lingine, majani yakiozea shambani.

Gisiri alikuwa amesimama nyuma yao, hawakumsikia akija. Alikivuta kigoda chake mpaka katikati yao, akaketi, akaegemea gunia la majani mpaka tumbo likatazama juu. Akafungua vifungo vya shati, kimoja, cha pili, cha tatu. Tumbo lililonyolewa likatokea, jeupe kuliko mikono yake, na plasta pembeni. Akakichukua kikombe mkononi mwa Mirumbe, ambaye alikuwa ameshamaliza kunywa, akakisimamisha juu ya kitovu, akaondoa mkono.

Kikombe kikaruka. Kikatulia, kikaruka tena. Hakuna aliyekigusa. Kilicheza juu ya tumbo hilo polepole, dupu, dupu, na wachumaji sita wakakitazama bila kupumua, hata Mirumbe.

"Si mgongo," Gisiri akasema. "Mimi ni mgonjwa. Huu ni mshipa, unataka kupasuka, na daktari atarudi Oktoba. Ule unga ndio ulionirudisha nyumbani. Hautaingia tena kwenye sufuria ya boma hili. Anayeumwa kichwa akanywee kwake. Anayetaka kuondoka aondoke."

Sammy alikitazama kidole chake chenye kitambaa. Mirumbe alinyoosha mkono achukue kikombe chake, akaona haya, akauacha mkono hewani. Hakuna aliyeondoka. Mmoja baada ya mwingine waliinamisha vichwa, wakaumaliza uji wao mtupu.

Gisiri akakitoa kikombe tumboni, akafunga vifungo. Kisha akamtafuta mkewe kwa macho, kwa mara ya kwanza tangu Homa Bay.

"Mama Bonface," akasema, na watu wote wakisikia. "Ule wa maziwa, upo?"

Ulikuwapo. Alikuwa ameuchuja mara mbili.